Kwenda na Kurudi kwa Ubao wa Tanga

Kwenda si tabu. Mtu mzima asiyeogopa maji, akipandishwa juu ya ubao mpana siku ya upepo mwepesi na kuonyeshwa pa kushika, atasogea mita mia mbili asubuhi ile ile ya kwanza. Tabu huanza anapotaka kurudi. Kwenye fukwe zenye walimu wa ubao wa tanga, iwe Diani au Jambiani, wanafunzi wapya hawafichiki: ndio wanaorejea kwa miguu, maji magotini, wakiukokota ubao na tanga kuelekea kule upepo unakotoka.

Kwa hiyo ni vyema anayeanza apange masomo yake kinyume na tamaa yake. Kasi ingoje, na kuruka mawimbi kungoje. Kwanza ajue kurejea pale alipoondokea, na mengi ya kumsaidia katika hilo huamuliwa ufukweni, kabla hajalowa.

Ubao wa tanga, windisafu kwa walimu wengi wa ufukweni, hauna usukani. Mlingoti wa ngalawa umesimikwa, lakini huu umeshikizwa kwenye ubao kwa kiungo cha mpira kinachouacha ulale upande wowote na kuzunguka utakavyo. Anayeuzuia usianguke ni mwendeshaji mwenyewe, akiwa ameshika mpini uliopinda unaolikumbatia tanga pande zote mbili. Mpini huo huitwa bumu. Mlingoti ukiinamishwa nyuma, upande wa shetri, omo ya ubao, ncha yake ya mbele, hugeukia upepo utokako. Ukiinamishwa mbele, omo huukimbia upepo. Hakuna miujiza hapo. Nguvu ya upepo kwenye tanga ina kitovu chake, na ukinzani wa maji unaouzuia ubao usiteleze kiubavu una kitovu chake pia, karibu na mkuku mwembamba unaochomekwa katikati ya ubao. Kitovu cha tanga kikirudi nyuma ya kile cha mkuku, shetri husukumwa na omo hupanda upepo. Baharia yeyote wa mashua aliyewahi kuona chombo kikilazimisha kugeuka kwa sababu tanga limefungwa vibaya anaijua hesabu hii, hata kama hajawahi kuiandika.

Kiungo hicho cha mpira ndicho kilichopeleka watu mahakamani. Mwaka 1964 Newman Darby wa Pennsylvania, Marekani, alitengeneza ubao wenye tanga la kushikwa kwa mikono, na Agosti 1965 jarida la Popular Science likachapisha maelezo yake. Miaka mitatu baadaye Jim Drake na Hoyle Schweitzer wa California waliomba hataza ya ubao wao wenye kiungo kinachozunguka, na biashara ikaanza. Hataza hiyo ilipogombewa Uingereza, Mahakama ya Rufaa ilielezwa habari za mvulana wa miaka 12, Peter Chilvers, aliyekuwa ameunda chombo cha namna hiyo na kukiendesha hadharani karibu na kisiwa cha Hayling mwaka 1958. Mwaka 1985 hataza ya Uingereza ikaanguka. Mzazi anayejiuliza kama mwanawe wa darasa la sita ni mdogo mno kwa mchezo huu ana jibu katika kesi hiyo.

Upepo wa kujifunzia ni ule ambao wenyeji wa mchezo wanaudharau: noti 6 hadi 12, yaani kilomita 11 hadi 22 kwa saa. Chini ya hapo tanga linalegea na mwanafunzi hana cha kuegemea. Juu ya hapo linamnyang'anya mikono. Asiye na kifaa cha kupimia atazame maji. Yakiwa na vikunjo vidogo na kipovu cheupe kimoja kimoja kwa mbali, aingie. Bahari ikishajaa vichwa vyeupe, somo liahirishwe, hata kama pesa imelipwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa baharini, na kuzisoma ni kazi ya dakika moja.

Mwelekeo una uzito kuliko nguvu. Upepo unaotoka baharini ukija nchi kavu kwa mshazari humrudisha mtu ufukweni akishindwa, na huo ndio wa kuanzia. Upepo unaotoka nchi kavu kwenda baharini ndio wa hatari, tena hatari yenye hila: ukingoni, nyuma ya minazi na majumba, maji yametulia kabisa. Mwanafunzi anaingia akidhani ni shwari, anasogea mita mia tatu, anatoka kwenye kinga ya nchi kavu, na huko anakutana na upepo kamili unaompeleka kusikokuwa na kitu. Anayeanza asiingie katika upepo wa namna hiyo bila boti ya injini iliyo tayari kumfuata. Hapa jiografia ya pwani inasaidia. Mashariki ya Unguja, kuanzia Kiwengwa hadi Jambiani, pepo za msimu, kusi na kaskazi, zote huja zikitokea upande wa bahari au zikipita kiubavu. Diani na fukwe nyingi za kusini mwa Kenya ni vivyo hivyo. Magharibi ya Unguja mambo hugeuka: kusi inayovuma juu ya kisiwa hutokea mgongoni kwa aliyesimama Forodhani, na kumpeleka nje.

Kuhusu msimu, ushauri wa kawaida ni kuja wakati upepo ni wa uhakika, lakini huo ni ushauri wa wazoefu. Kusi ya Juni hadi Agosti inaweza kuvuma kwa nguvu siku nzima, ikawachosha wageni wa mchezo kabla hawajajifunza kitu. Afadhali mwisho wa kusi, Septemba na Oktoba, inapopungua makali, au asubuhi za kaskazi kuanzia Desemba, kabla joto la mchana halijaichochea. Masika iachiwe wakulima: mvua huja na upepo unaobadilika badilika, na anayeanza hawezi kujifunza mwelekeo usiotulia.

Halafu maji. Wageni wengi hufika na picha ya bahari tulivu ya kijani ndani ya mwamba, wakaamka asubuhi na kukuta mchanga mtupu hadi upeo wa macho. Kwenye pwani hii tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hufikia mita tatu hadi nne. Bamvua hufuata mwezi mpya na mwezi mpevu, na siku hizo maji hupwa sana saa nne hivi asubuhi, yakajaa saa kumi alasiri. Ubao wenye mkuku na pezi la nyuma hauhitaji maji mengi, lakini unahitaji zaidi ya yale yanayofika kwenye kifundo cha mguu. Anayeweza kuchagua wiki yake achague maji mafu, mwezi ukiwa nusu: maji hayaondoki mbali, na mkondo unaopita kwenye milango ya mwamba ni dhaifu zaidi. Milango hiyo itazamwe kwa heshima. Maji yanapopwa, yote yaliyokuwa ndani ya mwamba yanatafuta njia ya kutoka, na njia ni hiyo. Mwanafunzi akae mbali nayo, na kama hajui iko wapi amuulize mvuvi. Swali hilo ni la bure na jibu lake ni sahihi kuliko la simu.

Kina kinachofaa ni cha kiunoni hadi kifuani. Anayeanguka asimamie miguu yake, asipande kwa kuhangaika, wala asianguke mahali pa kugonga kichwa chini. Viatu vya mpira havina mjadala, kwa sababu ya matumbawe na wale wanyama wa miiba mirefu myeusi wanaojibanza kwenye mawe. Mwiba wao ukivunjikia ndani ya unyayo, wiki ya mazoezi imekwisha. Watu wa pwani hupaka utomvu wa papai bichi. Kiatu ni nafuu zaidi.

Kifaa cha kujifunzia ni ubao mkubwa na tanga dogo. Ni kanuni inayowaudhi vijana, maana ubao mkubwa unaonekana wa kizee. Ukubwa wa ubao hupimwa kwa lita, na hesabu ya haraka ni uzito wa mwili kwa kilo, kuongeza mia moja au zaidi. Mwenye kilo 70 apewe ubao wa lita 180 hadi 220, upana wake ukikaribia mita moja, wenye sponji juu na mkuku wa kuchomeka katikati. Mkuku huo uwepo kweli. Mbao ndogo za kasi hazina, na bila huo anayeanza huteleza kiubavu tu, akidhani kosa ni lake. Tanga liwe la mita za mraba nne au tano kwa mtu mzima wa wastani, tatu na nusu kwa mwepesi, na chini ya mbili na nusu kwa mtoto. Jaketi la kuokolea livaliwe hata na anayejua kuogelea. Shati la mikono mirefu linalokauka upesi humlinda na jua na pia na michubuko ya kifua anapojiparaza kwenye ubao.

Somo la kwanza, kwa mwalimu anayejua kazi, hufanyika mchangani. Ubao huwekwa juu ya kitako kinachozunguka, au hulazwa tu kwenye mchanga pezi likiwa limeng'olewa, na mwanafunzi hurudia mwendo wa mikono na miguu mpaka aache kufikiri. Mwalimu anayemwingiza mtu majini moja kwa moja ili "azoee" anaokoa muda wake, si wa mwanafunzi.

Majini, ubao uwekwe uukate upepo, nao upepo umpige mwanafunzi mgongoni, tanga likiwa limelala upande wa pili. Apande kwa magoti, ashike kamba nene ya kunyanyulia, asimame miguu ikiwa pande mbili za mlingoti, juu ya mstari wa kati. Kisha anyanyue. Hapa ndipo migongo inapoharibika. Tanga lililolala majini limebeba maji juu yake, na kulivuta kwa nguvu ya mikono ni kama kunyanyua blanketi lililolowa kwa ncha moja. Dawa ni kukunja magoti, kunyoosha mgongo, kuegemea nyuma kwa uzito wa mwili na kungoja. Maji yatamwagika yenyewe kidogo kidogo, tanga litakuwa jepesi ghafla, na asiyelitarajia hilo huanguka chali. Wote huanguka chali.

Tanga likishasimama, likipepea huru kama bendera upande unaokwenda upepo, mwanafunzi yuko salama. Huo ndio mkao wa kupumzikia, na haifai kuuondokea kwa haraka. Zoezi la kwanza halina safari. Akiwa bado ameshika kamba, alielekeze tanga taratibu upande wa shetri. Ubao utaanza kuzunguka chini yake, omo ikigeukia upepo utokako. Ahamishe miguu kwa hatua fupi kuuzunguka mlingoti kwa mbele, mpaka awe upande wa pili na upepo uwe tena mgongoni. Sasa ubao unatazama ulikotoka. Afanye hivyo kulia na kushoto, mara nyingi hata achoke nalo, kabla ya kwenda popote. Huku ndiko kurudi kwenyewe, na kumejifunzwa hatua mbili kutoka mchangani.

Kuondoka huja baadaye. Achague alama mbele yake, mnazi au paa, na aitazame hiyo badala ya miguu. Mguu wa mbele uje nyuma tu ya kitako cha mlingoti, vidole vikielekea mbele. Wa pili uende nyuma kadiri ya upana wa mabega. Mkono wa mbele ushike bumu, uvute mlingoti kuvuka mwili mpaka tanga liwe jepesi kulishika. Mkono wa nyuma ushike kisha uvute kidogo. Ubao utaondoka. Kosa la karibu kila mtu ni kuvuta mkono wa nyuma kwanza, mlingoti ukiwa bado uko mbali. Upepo huingia tangani na kumwangusha kifudifudi. La pili ni kubana bumu kana kwamba itakimbia. Vidole vilivyolegea vinatosha katika upepo wa kujifunzia, na viganja vitadumu siku mbili zaidi kabla ya malengelenge.

Kuusimamisha ubao ni rahisi kuliko kusimamisha baiskeli: aachie mkono wa nyuma, tanga lipoteze upepo. Ikizidi, aachie yote, tanga lianguke majini. Kulishikilia tanga linaloshinda nguvu ni ushujaa usio na mahali pake.

Safari za mwanzo ziwe fupi, mita ishirini au thelathini kisha kugeuka. Kila anguko na kila mgeuko wa kusuasua humsogeza mwanafunzi upande unaokwenda upepo, mita chache chache, na baada ya nusu saa anajikuta mbali bila kujua zilivyojumlishwa. Kwa hiyo mwendo wa kwanza uwe wa kupanda upepo. Mlingoti uinamishwe nyuma kidogo, omo ipande, kisha urudishwe wima kabla tanga halijaanza kutetema. Hakuna chombo cha tanga kinachokwenda moja kwa moja upepo utokako. Kwa takriban digrii 45 kila upande tanga hupepea bure. Anayetaka kufika huko hupiga bisho, mkato mmoja kushoto na mmoja kulia, kama jahazi. Mwanafunzi anayeweza kupiga bisho mara nne mfululizo na kujikuta juu ya pale alipoanzia anaweza kuacha kuwa na wasiwasi. Asiyeweza atembee kurudi juu mapema, kabla hajachoka.

Siku mambo yakiharibika, amri ni moja: asiuache ubao. Ubao hauzami na unaonekana kutoka mbali, ilhali kichwa cha mtu kwenye maji yenye mawimbi hakionekani. Alilaze tanga juu ya shetri, alale kifudifudi na kupiga makasia kwa mikono, akielekea ufukweni kwa mshazari badala ya kupigana na mkondo ana kwa ana. Kama hafiki, aketi juu ya ubao, anyooshe mikono pande zote mbili na kuipandisha na kuishusha polepole. Hiyo ni ishara ya kuomba msaada inayotambuliwa na mabaharia kote duniani. Na kabla ya kuingia, kuwe na mtu nchi kavu anayejua saa aliyoondoka.

Maji ya pwani hii yana wenyewe. Paje na Jambiani kuna mashamba ya mwani, vigingi na kamba vilivyofunikwa na maji ya kina kifupi, na pezi likipita juu yake hukata mavuno ya mama aliyeamka kabla ya jua. Ngalawa zinazorudi na samaki zipishwe bila kujali kanuni inasemaje. Kati ya wachezaji wenyewe kanuni ni hizi: mwenye upepo upande wake wa kulia ndiye apitaye; wakiwa na upepo upande mmoja, aliye upande wa upepo humpisha aliye chini yake; anayepita mwenzake kwa nyuma ndiye anayemkwepa. Wanaovutwa na tiara, ambao siku hizi ni wengi kuliko wa tanga huko Paje na Diani, wana kamba za mita 20 na zaidi. Anayeanza atafute kona yake mbali nao.

Kisumu, Mwanza au Bujumbura upepo upo pia, ila maswali ni mengine: kichocho kwenye maji yaliyotulia yenye majani, viboko na mamba, na katika Ziwa Viktoria dhoruba za radi zinazozuka upesi. Huko wavuvi waulizwe kabla ya mwalimu. Msomaji wa Uholanzi ana bahati ya IJsselmeer, ziwa pana lenye kina kifupi, mradi avae suti ya mpira. Wa Oman asidanganyike na sifa za kisiwa cha Masirah. Upepo wake wa kiangazi ni mkali na haufai kwa anayeanza.

Kununua vifaa kungoje. Baada ya masomo ya kwanza ladha hubadilika, na ubao uliopendeza mwezi wa kwanza huwa mzito mwezi wa tatu. Anayeona cha mitumba akibonyeze kwa kidole gumba kila mahali: panapobonyea pamelowa ndani. Akipinde kiungo cha mpira na kutafuta nyufa, maana kikikatika katikati ya maji mtu hubaki na ubao upande huu na tanga upande ule. Kwa anayekaa ghorofani Dar es Salaam au Mombasa, ubao wa kujaza hewa wenye tundu la mlingoti hukunjwa ukaingia kwenye buti la gari.

Mkanda wa kiunoni unaonasa kwenye bumu, ili uzito wa mwili ufanye kazi ya mikono, huja pale mtu anapoweza kwenda na kurudi kwa saa nzima bila kutembea. Vikanda vya miguu na ubao mdogo hufuata, katika upepo wa noti 12 hadi 15, ubao unapoinuka na kuteleza juu ya maji badala ya kuyapasua. Foili, bawa la chini ya maji lililoonekana Marseille katika Olimpiki ya 2024, ni la baadaye sana. Mchezo huu uko Olimpiki tangu 1984, na hakuna aliyefika huko kwa kuanza na chombo kinachoruka.

Mazoezi yakiisha, kila kitu kioshwe kwa maji baridi ya bomba. Tanga likunjwe kwa kuviringishwa na kuwekwa kivulini, kwani jua huifanya plastiki yake ngumu mpaka ikapasuka. Mlingoti wa vipande viwili utenganishwe siku hiyo hiyo. Mchanga na chumvi vikikaukia kwenye maungio, kesho yake utahitaji watu wawili wa kuvutana.